Kulwa, Doto na kirusi kimoja: uchambuzi wa kisa cha mafua makali Mbagala

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kufundishia. Kimefumwa kutokana na hali ambazo madaktari wa watoto wa Dar es Salaam huzikuta wodini, wala si kumbukumbu ya mgonjwa mmoja. Kulwa na Doto ni majina ambayo mapacha wengi nchini hupewa, na hayamtambulishi yeyote. Swali lake ni moja: kwa nini virusi vilevile vya influenza, vikiingia nyumba moja katika juma moja, humwachia mtoto mmoja makamasi tu na kumfikisha mwenzake kwenye mtungi wa oksijeni.

Familia inaishi Mbagala katika chumba na sebule. Baba ni seremala, mama huuza vitafunwa asubuhi, na bibi mzaa baba huja kukaa nao mara kwa mara. Mapacha wana umri wa miaka minne na miezi mitatu. Kulwa ni wa kiume na Doto ni wa kike, jambo ambalo peke yake linatosha kutuambia kwamba hawakutoka katika yai moja, na kwamba kwa upande wa vinasaba wanafanana kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja, yaani nusu kwa wastani. Wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja, na chanjo zao za utotoni walichomwa kwa tarehe zilezile. Ni vigumu kupata ulinganisho ulio safi kuliko huu nje ya maabara, ingawa tutaona mbele kwamba hata usafi huu una doa.

Jumatatu moja ya mwezi Mei, masika ikielekea ukingoni, Kulwa alirudi kutoka shule ya awali akiwa na homa, kikohozi kikavu na maumivu ya mwili. Alilala siku mbili, akanywa uji na maji ya ndimu, na Alhamisi alikuwa uani akicheza. Doto alianza homa Jumatano. Mama alinunua dawa ya homa na amoksisilini duka la dawa, akampa kwa kipimo alichoelekezwa dukani, akitarajia kwamba naye atafuata njia ya ndugu yake. Ijumaa usiku mtoto alikataa uji, akalalamika kifua na mgongo, na mbavu zikaanza kuingia ndani kila alipovuta pumzi. Jumamosi alfajiri alibebwa hadi zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, pumzi zilihesabiwa 58 kwa dakika, na rufaa ikaandikwa papo hapo. Walifika hospitali kwa bajaji.

Oksijeni katika damu ilikuwa asilimia 86. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa chini sana, gramu 5.8 kwa desilita, weupe wa macho ulikuwa na manjano hafifu, na picha ya eksirei ilionyesha wingu katika sehemu ya chini ya pafu la kulia. Sampuli ya puani ilipelekwa maabara na baadaye ikathibitisha influenza ya aina A. Mtoto aliwekewa oksijeni, akaanzishiwa dawa za bakteria kwa mshipa, na daktari wa zamu akaagiza damu. Kabla mfuko wa damu haujatundikwa, muuguzi alichukua mililita mbili za ziada katika chupa ya kifuniko cha zambarau, akaandika jina na saa, akaiweka kando. Tutairudia chupa hiyo.

Nje ya wodi familia ilikuwa na maelezo yake. Bibi alisema kwamba mtoto amerithi kifua cha upande wa mama. Mama Kulwa, kwa adabu na bila kuinua sauti, alikumbusha kwamba kaka mkubwa wa mume wake alifariki Morogoro akiwa na miaka sita, kwa kile kilichoelezwa kuwa kifua na kupungukiwa damu. Shangazi yao anayeishi Ujerumani, alipopigiwa simu, alisema amesikia kwamba kuna jeni inayoamua nani ataumizwa na mafua, akajitolea kulipia kipimo cha mate kinachotumwa maabara ya nje. Jumatatu baba alimuuliza daktari swali ambalo ndilo kiini cha uchambuzi huu: “Daktari, tukipima vinasaba vyake vyote, si tutajua moja kwa moja?”

Swali hilo si la kudharauliwa, kwa kuwa wazo kwamba ukali wa influenza hutegemea pia mwili unaoipokea lina historia ndefu yenye ushahidi. Mwaka 1962 Jean Lindenmann, mwanasayansi wa Uswisi ambaye miaka mitano kabla alikuwa amegundua interferoni, protini ya tahadhari ambayo seli hutoa ikivamiwa na virusi, pamoja na Alick Isaacs mjini London, alieleza juu ya ukoo mmoja wa panya wa maabara, uitwao A2G, uliostahimili kiasi cha virusi vya influenza kilichoua panya wengine. Ustahimilivu huo ulirithiwa, na baadaye ukaonekana kutoka katika jeni moja, Mx1. Koo nyingi za panya wa maabara zina nakala mbovu ya jeni hiyo, ndiyo maana kwa miongo mingi watafiti walikuwa wakipima influenza katika wanyama waliokwisha kunyang'anywa ngao bila wao kujua.

Ili kuelewa jeni hizi zinafanya nini, tuichukue interferoni kama mbiu ya mgambo. Seli iliyovamiwa huipiga, na seli jirani zikiisikia hufunga milango, hukusanya silaha na kupunguza shughuli ambazo kirusi kingezitumia kujizalisha. Tofauti za kurithi zinaweza kuwa katika mpiga mbiu, katika sikio la jirani, au katika komeo la mlango.

Komeo lililojadiliwa kuliko yote ni protini ya IFITM3, ambayo hukaa katika utando wa seli na kuzuia kirusi kisiungane nao ili kumwaga mzigo wake ndani. Panya walioondolewa jeni hiyo waliugua vibaya kwa influenza ambayo wenzao waliivumilia. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa kwamba miongoni mwa wagonjwa 53 waliolazwa Uingereza, wengi wao wakati wa janga la H1N1 la 2009, namna mojawapo ya jeni hiyo, yenye herufi C ya vinasaba mahali panapojulikana kama rs12252, ilionekana mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata utafiti wa Beijing ulieleza kwamba asilimia 69 ya wagonjwa walioumwa vikali walikuwa na herufi hiyo katika nakala zote mbili za jeni, ile ya baba na ile ya mama, dhidi ya asilimia 25 ya walioumwa kidogo. Hapo ndipo habari ya “jeni ya mafua” ilipoenea hadi kumfikia shangazi.

Yaliyofuata hayakuenea kwa kasi ileile. Tafiti za baadaye katika watu wa asili ya Ulaya mara kadhaa zilishindwa kuuona uhusiano huo, na maelezo ya awali kwamba herufi C huifupisha protini yenyewe hayakupata uthibitisho yalipochunguzwa kwa makini. Isitoshe, barani Afrika herufi hiyo hupatikana katika takriban robo ya nakala zote, maana yake ni kwamba kwa hesabu za kawaida watu sita hivi katika kila mia wanayo katika nakala zote mbili. Katika mtaa uliosongamana kama wa akina Doto, hao ni wengi, na wengi wao hupita katika mafua wakiwa na leso tu. Kwa maoni yangu IFITM3 ni jeni ya maana sana kwa anayetaka kujua kirusi huingiaje katika seli, lakini ni mshauri hafifu kwa anayesimama kando ya kitanda cha mtoto mmoja.

Kuna upande mwingine ambao ni nadra lakini hauna utata wa namna hiyo. Mwaka 2015 timu ya Jean-Laurent Casanova, inayofanya kazi Paris na New York, ilieleza kisa cha msichana wa Ufaransa aliyekuwa mzima hadi alipofikisha miaka miwili na nusu, influenza ilipoyashika mapafu yake hadi yakashindwa kazi. Alikuwa amerithi kasoro mbili tofauti katika jeni ya IRF7, moja kutoka kwa kila mzazi, na matokeo yake seli zake hazikuweza kuikuza sauti ya mbiu: interferoni ilitoka kidogo mno. Wazazi wake, wenye nakala moja nzima kila mmoja, hawakuwa na tatizo. Tangu hapo msichana huyo alichanjwa influenza kila mwaka na hakupatwa tena na shambulio la namna ile. Kasoro za aina hii zimepatikana pia katika jeni nyingine za njia hiyohiyo, kama vile TLR3 na IRF9, lakini ni za kuhesabika.

Kati ya kasoro hizo adimu na tofauti ndogondogo za watu wengi, urithi una uzito gani kwa jumla? Mwaka 2008 zilitoka tafiti mbili ambazo ni vyema zisomwe pamoja. Huko Utah, Marekani, kwa kutumia kumbukumbu za nasaba na vyeti vya vifo, watafiti waliona kwamba ndugu wa damu wa watu waliokufa kwa influenza walikuwa katika hatari zaidi ya kufa kwa ugonjwa huohuo. Huko Aisilandi, kwa kutumia nasaba za waliokufa katika janga la 1918, watafiti waliwalinganisha ndugu wa marehemu na ndugu wa wenzi wao wa ndoa, na hawakuona dalili ya kwamba kifo kilifuata damu. Daktari aliye mkweli hana budi kumwambia baba wa Doto yote mawili.

Sasa chupa ya zambarau. Daktari hakukataa kipimo cha mate; alisema kwamba kabla ya kuuliza kuhusu jeni ambazo jibu lake halitabadilisha dawa hata moja, kuna jeni moja ambayo jibu lake litabadilisha karibu kila kitu, na ambayo hupimwa hapahapa mjini. Damu ya chupa ile ilipimwa kwa elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Doto alikuwa SS, yaani ana nakala mbili za S, na kwa hiyo ana selimundu, ugonjwa ambao mtaani huitwa sikoseli. Kulwa alipopimwa alikuwa AS, mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya S: mbebaji asiye mgonjwa. Wazazi wote wawili walikuwa AS.

Thamani ya mililita zile mbili ni kwamba zilichukuliwa kabla ya damu ya mchangiaji kuingia. Himoglobini ya mchangiaji wa AA, asiye na S hata moja, ikishachanganyika na ya mgonjwa wa SS, kipimo kinaweza kusomeka kana kwamba mtoto ni mbebaji tu, na familia ikarudishwa nyumbani na jibu la uongo lenye muhuri. Katika wodi yenye msongamano, hatua hiyo hurukwa kirahisi kuliko inavyopaswa.

Selimundu hutokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya beta-globini, na kwa badiliko hilo asidi ya glutamiki hubadilishwa na valini katika protini ya himoglobini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hujiunga kwa nyuzi ndefu, seli nyekundu hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kupasuka kabla ya wakati. Hapo ndipo influenza inapokuta kuni zimeshapangwa. Kirusi huvimbisha njia za hewa, oksijeni hushuka, seli hupinda ndani ya mishipa ya mapafu yenyewe, damu hupita kwa shida, na oksijeni huzidi kushuka; mzunguko huo huzaa shambulio la kifua la selimundu, lenye homa, maumivu, upungufu wa pumzi na wingu jipya katika eksirei. Juu ya hayo, wengu la mtoto mwenye selimundu huharibika mapema, na bila wengu lililo hai bakteria wa nimonia, ambao kwa kawaida hufuata nyuma ya influenza, hukuta lango limeachwa wazi. Kwa hiyo udhaifu wa Doto haukuwa lazima uwe katika kukitambua kirusi au kupiga mbiu. Ulikuwa katika kile ambacho mwili wake hufanya oksijeni inapopungua.

Ukubwa wa tofauti hii haufanani na ule wa herufi C. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliotumia takwimu za majimbo manne ya Marekani, ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu walilazwa kwa influenza kwa kiwango mara 56 ya watoto wasio nayo. Namba hiyo inahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu kulazwa ni uamuzi wa daktari pia, na daktari mwangalifu humlaza mtoto wa SS mwenye homa ambaye mwingine angerudishwa nyumbani. Hata tukikata sehemu kubwa kwa ajili hiyo, kinachobaki ni kikubwa. Aina ya kirusi nayo ina neno: huko Baltimore, wagonjwa wa selimundu walioambukizwa H1N1 ya 2009 walipata shambulio la kifua kwa asilimia 34, dhidi ya asilimia 13 kwa influenza ya msimu.

Wala hapa kwetu si ugonjwa adimu. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kwamba watu 13 hadi 20 katika kila mia ni wabebaji. Sababu ya wingi huo ni malaria: mwenye AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, hivyo nakala hiyo iliendelea kupita kizazi hadi kizazi katika maeneo yenye mbu. Herufi iliyomlinda Kulwa katika masika nne za maisha yake ndiyo hiyohiyo iliyomlaza Doto, tofauti ikiwa ni nakala moja dhidi ya mbili.

Sasa lile doa. Msomaji makini anaweza kusema kwamba mapacha hawa walitofautiana katika jeni moja, basi ukali wote ni wa jeni hiyo. Haiendi hivyo. Beta-globini, IFITM3 na IRF7 zote zipo katika mkono mfupi wa kromosomu ya 11, za mwisho mbili zikiwa karibu na ncha, na umbali kutoka huko hadi beta-globini ni takriban herufi milioni 5 tu. Jeni zilizo jirani kiasi hicho mara nyingi husafiri pamoja kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Maana yake ni kwamba Kulwa na Doto, walipopokea kipande tofauti cha kromosomu ya 11 kutoka kwa mzazi mmoja, yaelekea walipokea pia nakala tofauti za majirani hao, na huenda nakala hizo zinafanya kazi sawa au hazifanyi. Kisa kimoja hakiwezi kuzitenganisha. Kuna pia mambo yasiyo ya vinasaba: Doto alilala kitanda kimoja na ndugu aliyekuwa akikohoa kwa siku mbili usiku kucha, na ugonjwa wake ulipewa siku tatu za kusubiri kwa sababu wa Kulwa ulikuwa umeisha wenyewe. Kupona kwa pacha mmoja kulichelewesha matibabu ya mwingine.

Linaloumiza zaidi katika historia hii ni kwamba dalili zilikuwapo. Mama, alipoulizwa kwa utaratibu, alikumbuka kwamba Doto alipokuwa na miezi minane alivimba viganja na nyayo akalia kwa siku tano. Waliambiwa ni baridi, wakapewa dawa ya kuchua. Aliwahi kuwa na macho ya manjano mara mbili, na alikuwa mdogo kwa umbo kuliko pacha wake tangu alipoanza kutembea, jambo ambalo nyumbani lilielezwa kwa msemo kwamba Doto hufuata nyuma. Uvimbe wa viganja na nyayo kwa mtoto mchanga ni mojawapo ya alama za mwanzo za selimundu, na mtu mmoja akiitambua siku ile, mtoto angekuwa amekunywa penisilini kila siku kwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya influenza kubisha hodi.

Matibabu yenyewe hayahitaji maelezo marefu. Oksijeni, damu, dawa za maumivu na za bakteria, maji kwa kiasi, na kumhimiza mtoto apumue kwa kina. Oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza, ilitafutwa na kupatikana siku ya pili ya kulazwa, ikiwa imechelewa kuliko saa 48 za mwanzo ambazo ndizo hufaa zaidi, lakini kwa mgonjwa aliyelazwa katika hali mbaya bado inastahili kutolewa. Siku ya tano oksijeni iliondolewa. Siku ya tisa aliruhusiwa, akiwa na rufaa ya kliniki ya selimundu, penisilini, asidi ya foliki, kinga ya malaria na mpango wa kuanza haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulio ya selimundu.

Kikao cha mwisho na familia kilichukua muda mrefu kuliko kilivyopangwa. Daktari alichora miraba minne katika karatasi kuonyesha kwamba kwa wazazi wawili wa AS kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto wa SS, na kwamba S mbili za Doto haziwezi kutoka upande mmoja. Bibi aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza kama yule mwanawe wa Morogoro naye alikuwa hivyo. Daktari alijibu kwamba huyo hawezi kupimwa tena, ila maelezo ya kifua na kupungukiwa damu yanaelekea huko. Bibi alimgeukia mkwewe akasema, “Nisamehe, mwanangu,” na mazungumzo yakaendelea kuhusu nani wa ukoo apimwe kwanza.

Chanjo ya influenza haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini, hivyo fedha ambazo shangazi alikuwa ametenga kwa kipimo cha mate zilitumika kuinunua kwa watu wote wanne wa nyumba ile, kwa sababu mtoto wa SS hukingwa pia na wale wanaolala naye chumba kimoja. Zilizobaki zilipelekwa Morogoro kwa nauli na vipimo vya watoto wa baba mdogo. Katika kadi ya Doto, juu kabisa, pameandikwa kwa wino mwekundu: homa yoyote, aletwe siku hiyohiyo, hata kama pacha wake amepona.